Nyumba ya Madale: shajara ya ujenzi pamoja na msanifu majengo

Shajara hii inafuata ujenzi wa nyumba yetu ya kuishi Madale, Dar es Salaam, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 kilichokaa kwenye mteremko. Nitaongeza maandishi kila hatua itakapokamilika. Bei zote ni zile tulizopewa au tulizolipa sisi, kwa shilingi ya Tanzania. Anayetaka kuiga aulize upya sokoni kabla ya kupanga bajeti yake.

## 14 Januari 2023: Ramani ya laki tatu

Tumenunua ramani iliyokwisha chorwa kwa shilingi 300,000. Ina vyumba vinne vya kulala, kimoja masta, sebule mbili, jiko, stoo, choo cha wageni na paa la msauzi lenye mikunjo mingi. Ukubwa ni mita za mraba 168. Kwenye karatasi inapendeza sana.

Fundi mkuu ni mtu mzima aliyekwisha wajengea ndugu zetu, na kazi yake tunaiamini. Alikuja tukaitandaza ramani ardhini kwa vigingi na kamba. Kisha akatoa mpira wa maji, ncha moja kona ya juu na nyingine kona ya chini, tukangoja maji yatulie. Tofauti ilikuja karibu mita 1.7. Kiwanja kinashuka kama mita 1.2 katika kila mita 10, na nyumba hii ingekaa mita 14 kuelekea bondeni.

"Hilo si tatizo, mama," akasema fundi. "Huku chini tunanyanyua msingi, tunajaza kifusi, tunashindilia, kazi inaendelea."

Nikamuuliza ukuta wa msingi upande huo utafika wapi. Akainua kiganja chake juu kidogo ya kichwa.

Maana yake ni kwamba kabla ya kupanga tofali la kwanza la sebule, tungekuwa tumejenga ukuta wa mita 2 na kuujaza udongo nyuma yake, udongo ambao kila masika ungelowa na kuusukuma. Mimi na mume wangu tumesimamisha kazi. Vigingi vimebaki pale pale.

## 11 Machi 2023: Tumempata msanifu

Mtaani kila anayeshika futikamba anaitwa injinia, kwa hiyo tulianzia kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB). Bodi hii inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010, na mtu aliyesajiliwa ana namba na muhuri wake. Tulichukua majina, tukaomba kuonyeshwa nyumba walizosanifu, tena zile zilizokwisha kaliwa, tukazungumza na wenye nyumba. Swali letu kwao lilikuwa moja: alikuja saiti, au alimaliza kazi kwenye karatasi?

Tumekubaliana na msanifu mmoja, dada mwenye uzoefu wa viwanja vya milimani. Malipo ni haya: michoro ya usanifu 3,200,000, mhandisi wa kupiga hesabu za msingi na nondo 900,000, mkadiriaji majenzi wa kuandaa orodha ya vifaa na gharama 700,000, ukaguzi wa saiti katika hatua kuu 600,000. Jumla ni 5,400,000, na tunalipa kwa awamu kadiri kazi inavyokabidhiwa. Mkataba umeandikwa na pande zote zimesaini.

Ndugu walipopiga hesabu wakasema hiyo ni mifuko 360 ya saruji. Ni kweli, kwa bei ya 15,000. Nimeiandika hapa kwa sababu ndiyo hesabu ambayo kila mtu ataletewa, na inahitaji kujibiwa kwa tarakimu.

Kikao cha kwanza msanifu hakuuliza tunataka vyumba vingapi. Alisema, "Niandikieni siku yenu ya kawaida, kuanzia anayeamka wa kwanza mpaka anayezima taa." Tukaandika. Ikaonekana kwamba watoto wanasomea kwenye meza ya chakula, wageni wote wanaishia sebule moja, na sebule ya pili ingekaa imefungwa ikingoja sikukuu. Akachukua kalamu nyekundu akapaka korido ya ramani ya kwanza: mita za mraba 19 za kupita tu. Korido ina msingi wake, jamvi lake (sakafu ya zege), plasta pande mbili, marumaru na bati juu yake, sawasawa na chumba.

Kisha akauliza juu ya nguzo. Ramani ya laki tatu ilikuwa na nguzo 18 za zege, za "ghorofa ya baadaye". Akatuuliza: "Ghorofa hiyo ni ya lini, na nani atakaa juu?" Hatukuwa na jibu. Nondo za milimita 16 za nguzo hizo peke yake, nne kila nguzo, zingekuwa kama 27. Kwa bei ya 42,000 kila moja inakuja 1,134,000, kabla ya zege, ringi na mbao za kufungia. Nguzo zimefutwa.

## 20 Mei 2023: Mashimo, jua na upepo

Masika yamepungua, mashimo ya majaribio yamechimbwa. Upande wa juu, karibu na barabara, ni mchanga mwekundu ulioshikana. Upande wa chini kuna mfinyanzi, ule unaong'ang'ania kwenye jembe. Mhandisi ameagiza kwamba pale kwenye mfinyanzi zege la chini la msingi liwe pana zaidi. Hiyo ni gharama iliyoongezwa na wataalamu, na naiandika wazi ili asije mtu akadhani kazi yao ni kupunguza tu.

Msanifu ameigeuza nyumba. Ile ya kwanza ilitazama bondeni kwa urefu wake. Hii imelala kwa kuukingama mteremko, urefu mita 16 na kina mita 8.4. Tena ameigawa mara mbili kwa urefu: vyumba vya kulala viko nusu ya juu, sebule, jiko na meza ya chakula nusu ya chini, katikati kuna vipandio vitatu vya sentimita 16.

Kwa bahati nzuri kiwanja kinashukia kusini, kwa hiyo kuta ndefu zimetazama kaskazini na kusini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri liko juu ya paa mwaka mzima, na paa lenye upindo mpana linatosha kulizuia. Jua linalochoma ukuta ni la asubuhi na la alasiri, linalokuja chini kutoka mashariki na magharibi, na huko tumeweka kuta fupi zenye madirisha madogo. Kusi inaingia kwa madirisha ya sebule na kutokea vyumbani. Kaskazi inafanya kinyume chake. Kiyoyozi hakimo kwenye bajeti yetu.

Anayetaka kuona wazo hili kwa ukubwa wake aende akalitazame Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975: miavuli mikubwa ya zege inaleta kivuli na bado hewa inapita kati yake. Kila nikipita pale najiuliza kwa nini nyumba zetu za siku hizi tunazifunga kila upande kisha tunalipia umeme wa feni.

## 29 Julai 2023: Ramani mbili, bei mbili

Hii ndiyo hatua niliyoingoja. Tulimwomba mkadiriaji apige bei za ramani zote mbili, ile ya laki tatu na hii mpya ya mita za mraba 134, kwa kiwanja hiki hiki na bei zile zile za vifaa, kuanzia kuchimba mpaka kupaua.

Ramani ya kwanza: msingi 24,600,000, kuta hadi mkanda (boriti ya zege inayozunguka juu ya kuta) 11,900,000, paa 18,900,000. Jumla 55,400,000.

Ramani ya msanifu: msingi 15,400,000, kuta hadi mkanda 9,200,000, paa 11,800,000. Jumla 36,400,000.

Tofauti ni milioni 19. Ukitoa malipo yote ya wataalamu, inabaki milioni 13.6.

Mume wangu hakuridhika, na alikuwa na haki: nyumba ya pili ni ndogo, lazima iwe na bei ndogo. Tukagawanya kwa mita ya mraba. Ya kwanza inakuja kama 330,000 kwa mita, ya pili kama 272,000. Tofauti ya 58,000 mara mita 134 ni takriban milioni 7.8. Kwa hiyo hata ukikataa kabisa kuhesabu udogo wa nyumba, umbo lake na jinsi ilivyokaa kwenye kiwanja vimelipa 5,400,000 na chenji imebaki. Nadhani hesabu hii ya pili ndiyo ya kumwonyesha mtu mbishi.

Hela nyingi ilikuwa imejificha kwenye kifusi. Ramani ya kwanza ilihitaji karibu mita za ujazo 190 za kujaza chini ya sakafu. Mpya inahitaji kama 75. Tipa ya mita 7 ikishindiliwa inabaki mita 5 na kidogo, kwa hiyo pungufu ni kama tipa 22. Kwa 120,000 kila moja ni 2,640,000 za udongo mtupu.

Paa nalo: la msauzi lilikuwa na mita za mraba 245 za bati, kwa sababu mwinuko ni mkali, na juu yake kuna mabaki ya kukata kila kona. La sasa ni mgongo mmoja wenye miteremko miwili, mita za mraba 187. Wapo waliotuambia nyumba itaonekana ya kizamani. Tumewasikia.

## 23 Septemba 2023: Kibali

Maombi ya kibali cha ujenzi yalirudishwa mara moja, tukatakiwa kuonyesha vizuri shimo la maji taka liko umbali gani kutoka mpaka wa jirani. Msanifu akarekebisha bila malipo ya ziada, kwa kuwa mkataba wetu ulisema marekebisho yanayotakiwa na manispaa ni juu yake. Weka kifungu hicho kwenye mkataba wako. Kibali kimetoka. Barabara hii hii kuna boma lenye alama ya X nyekundu, na mwenye nalo amesimama tangu mwaka jana.

## 18 Novemba 2023: Msingi na mvua

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kwamba vuli ya mwaka huu itakuwa kubwa kwa sababu ya El Niño, na imekuwa hivyo. Tulianza kuchimba katikati ya Oktoba tukitegemea kumaliza zege la chini kabla mvua hazijakolea.

Kwenye karatasi ya kiwanja msanifu alikuwa amechora mtaro unaokatiza upande wa juu, wa kuyakamata maji ya barabarani na kuyapeleka pembeni kabla hayajafika kwenye nyumba. Mafundi waliuacha. Kwao mtaro ni kazi ya mwisho, ya wakati wa kusawazisha uwanja. Mvua ya kwanza kubwa ikashuka usiku, asubuhi tukakuta mfereji wa msingi upande wa chini umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, kingo zimemeguka, na tope limefunika vigingi vya vipimo.

Tulichofanya: kazi nyingine zote zimesimama mpaka mtaro wa juu umechimbwa. Kisha tumekodi pampu, tumetoa tope lote mpaka kwenye udongo mgumu, tumepima upya. Fundi alitaka kumwaga zege juu ya tope lililokauka kidogo. Msanifu alishuka mwenyewe kwenye mfereji na kipande cha nondo, akakichoma chini, kikazama kama kidole kizima. Akamwonyesha fundi bila maneno mengi. Fundi akawarudisha vijana kuchimba. Gharama ya pampu, vibarua na kupima upya: 470,000. Mtaro wenyewe ulikuwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Ukiiga jambo moja tu kwenye shajara hii, chimba mtaro wa juu kwanza.

Upanuzi wa zege kwenye mfinyanzi umekula 640,000 nje ya kadirio.

Hasara ya tatu ni matofali. Tulinunua matofali 400 ya inchi 6 kwa muuzaji wa karibu, 1,400 kila moja. Msanifu alipofika alichukua moja akakwaruza kona kwa msumari, ikamomonyoka. Akaangusha mawili kutoka usawa wa kifua, yote yakavunjika vipande. Kwa mfuko mmoja wa saruji ukitaka tofali la kubeba nyumba unatoa 30 hadi 35; wauzaji wengi wanavuta mpaka 50. Mzigo ule ulikataliwa wote, na muuzaji hakurudisha hela. Pamoja na kuuondoa: 590,000. Tangu hapo tunafyatua wenyewe hapa hapa, 32 kwa mfuko, tunamwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima chini ya majani ya minazi. Tofali linatugharimu kama 1,000, na lina nguvu.

## 20 Januari 2024: Jamvi

Msingi umefungwa. Hapa malipo ya ukaguzi yamejilipa mara mbili ndani ya asubuhi moja.

La kwanza ni bomba la choo. Msanifu aliweka bafu, choo na jiko mgongo kwa mgongo kwenye ukuta mmoja, ili mabomba yawe mafupi na chemba ziwe chache. Siku ya kumwaga jamvi mafundi bomba walikuwa wamekwisha laza bomba la inchi 4 na kulifunika mchanga nusu. Akaomba mpira wa maji. Katika mita 6 mpaka chemba ya kwanza bomba lilikuwa limeshuka sentimita 5, wakati linatakiwa kushuka 15, yaani sentimita 2.5 kila mita. Zege lilikuwa halijachanganywa bado. Kulifukua na kulilaza upya kumegharimu 45,000 na nusu siku. Lingegunduliwa baada ya marumaru, lingegunduliwa kwa kuziba.

La pili lingekuwa baya zaidi kwa sababu halionekani upesi. Ukuta wa katikati, ule unaotenganisha sakafu ya juu na ya chini, una udongo nyuma yake kwa karibu nusu mita. Mchoro ulitaka nailoni nzito na lami kuanzia chini hadi juu ya usawa wa sakafu ya vyumba. Mafundi waliweka nailoni kwenye kuta zote za nje na kuuruka huu. Fundi mkuu alieleza kwa nia njema: "Huu uko ndani, dada, mvua haiufikii." Msanifu akamjibu kwamba maji ya ardhini hayaji kwa mlango, yanateremka na mlima mzima na kutafuta pa kutokea, na hapo pa kutokea pangekuwa nyuma ya kochi. Udongo ukatolewa kwa koleo urefu wote wa ukuta, lami ikapakwa, nailoni ikawekwa, udongo ukarudishwa. Kazi hiyo ilikula siku nzima, na jamvi likamwagwa siku iliyofuata.

Msingi wote umefika 17,100,000. Umezidi kadirio kwa 1,700,000, na zote zimo kwenye maelezo ya Novemba. Zile 45,000 na vibarua wa ukuta wa kati vilibebwa na fundi, kwa makubaliano.

## 16 Machi 2024: Kuta, na sentimita tatu

Vyumba vya watoto vimechorwa mita 3.62 kwa 3.62, na nilidhani ni namba ya kubahatisha. Si hivyo. Marumaru za sentimita 60 zinaingia sita bila kukatwa, na nafasi za gundi zikijumlishwa unapata 3.62. Bodi ya jipsamu ni mita 1.2 kwa 2.4, kwa hiyo tatu kwa upana zinafunika 3.6 na mkanda wa pembeni unaficha kinachobaki. Chumba cha mita 3.75 kingetaka safu ya saba ya marumaru, ambayo unakata robo yake na kutupa iliyobaki, ukuta mzima.

Lakini vipimo vya msanifu ni vya baada ya plasta. Mafundi walivisoma kama vya tofali kwa tofali. Ukipiga plasta ya sentimita 1.5 kila upande, chumba kinapungua sentimita 3, na hesabu yote ya marumaru inakufa. Tuliligundua kwenye kozi (safu ya matofali) ya kwanza ya chumba kimoja kwa sababu msanifu alikuwa ameagiza tusivuke kozi hiyo kabla hajapima. Kozi imeng'olewa wakati udongo wa saruji ukiwa bado mbichi, matofali yameoshwa, yamepangwa upya. Sasa kwenye kila mchoro ulioko saiti tumeandika kwa kalamu ya rangi: VIPIMO NI BAADA YA PLASTA, ONGEZA SENTIMITA 3. Mwombe wako aandike hivyo tangu mwanzo, au akupe vipimo vya tofali.

Mengine yamekwenda kawaida. Madirisha yote ni ya saizi mbili tu.

## 11 Mei 2024: Mkanda na Hidaya

Kuta zilifika usawa wa mkanda mwishoni mwa Aprili. Tulikuwa tumekwisha suka nondo na kufunga mbao pale Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotoa tahadhari ya kimbunga Hidaya. Tukaahirisha kumwaga. Mvua imekuja na upepo wake, mbao chache zimeng'oka, kingine hakuna. Mtaro wa juu ulipitisha maji ya barabara yote bila kufurika. Mume wangu alisimama nao kwa mwavuli mpaka akaridhika. Mkanda umemwagwa wiki hii.

Mkanda uko kwenye usawa mmoja kuzunguka nyumba yote ingawa sakafu ni mbili. Ndiyo maana dari ya vyumba itakuwa mita 2.8 na ya sebule karibu 3.3, na paa limebaki moja lisilo na mkunjo. Sebule imepata urefu bila kozi hata moja ya ziada.

Kuta na mkanda: 8,700,000, pungufu ya kadirio kwa 500,000. Matofali ya kufyatua ndiyo yaliyookoa.

## 27 Julai 2024: Kupaua

Bati la geji 28 limekatwa kiwandani urefu wa mita 5.45, kutoka mgongoni mpaka kwenye upindo, kipande kimoja. Hakuna kuunga katikati. Mabaki yote ya bati tumeyafunga kwa kamba moja, yameegemea ukuta wa jiko.

Mbao zimepanda bei tangu kadirio la mwaka jana, na paa limefika 12,300,000 badala ya 11,800,000. Tungenunua mbao Januari tukazikausha zikiwa na dawa, tungekwepa sehemu ya ongezeko hilo. Hela ndiyo ilikuwa haijapatikana.

Jambo moja msanifu hakulichora na fundi ndiye aliyeliona. Kwenye pembetatu za mashariki na magharibi kuna matundu ya kutolea joto la darini. Fundi akasema, "Mama, haya yakikaa wazi, mwezi mmoja tu popo wamehamia." Kila aliyeishi Dar es Salaam anajua harufu hiyo inavyoshuka kwenye dari. Msanifu amekubali papo hapo, ameongeza wavu mwembamba wa chuma kwa ndani: 60,000, zimo kwenye hesabu ya paa. Nimependa kwamba wamefika mahali pa kusikilizana hivyo.

## 31 Agosti 2024: Hesabu ya boma

Msingi 17,100,000, kuta 8,700,000, paa 12,300,000. Jumla 38,100,000. Kadirio lilikuwa 36,400,000. Tumezidi kwa 1,700,000, chini kidogo ya asilimia 5. Ukiongeza 5,400,000 za wataalamu, boma limesimama kwa 43,500,000. Ramani ya laki tatu ilikadiriwa 55,400,000 kabla ya mvua, kabla ya mfinyanzi, na kwa bei za mbao za mwaka jana.

Wapo walioniuliza kama wangeweza kuchukua ramani yetu wakaijenga kwao. Mchoro ni wa msanifu, mkazungumze naye. Zaidi ya hapo, kwenye kiwanja tambarare cha Kigamboni vipandio vyetu vitatu havina kazi yoyote, na kama kiwanja chako kinashukia magharibi nyumba hii itakuchoma kila alasiri. Kinachoweza kuigwa ni utaratibu: mashimo kabla ya mchoro, bei za ramani mbili kwa kiwanja kile kile, na ukaguzi kabla ya kila kinachofunikwa.

## 7 Septemba 2024: Kinachofuata

Mifereji ya bati kabla ya vuli. Kwa kuwa paa lina miteremko miwili tu, mifereji ni miwili, kaskazini na kusini, mita 17 na kidogo kila mmoja. Paa likitazamwa kutoka juu linafunika mita za mraba 175, na milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua moja ya milimita 30 inaleta zaidi ya lita 5,000. Tanki la lita 5,000 litakaa upande wa magharibi, juu ya kiwango cha jiko, maji yashuke yenyewe.

Baada ya mifereji ni nyaya za umeme ukutani, kisha plasta ya ndani. Mafundi aluminiamu watatu wameomba kupima madirisha sasa hivi wakati matundu ni ya tofali. Tumewaambia wangoje plasta ikauke, ndipo wapime. Bei zao nitaziweka hapa zote tatu.